Ampliatus Alistahili Riwaya Nyingine

Sura nzuri kuliko zote katika Pompeii, riwaya ya Robert Harris iliyotoka mwaka 2003, ni zile zinazohusu maji. Nalisema hili mapema ili nisidhaniwe kwamba nilikichukia kitabu tangu jalada. Mhusika mkuu, Marcus Attilius, ni fundi wa serikali mwenye umri wa miaka 27. Ametumwa kutoka Roma kusimamia Aqua Augusta, mfereji uliochota maji kwenye chemchemi za milimani na kuyapeleka umbali wa kilomita zipatazo 100 hadi miji ya Ghuba ya Napoli. Siku mbili kabla ya mlima Vesuvius kulipuka, mwaka 79 Baada ya Kristo, maji yanaanza kunuka salfa. Baadaye yanakatika. Attilius hana mtu wa kumpigia simu. Anachoweza ni kuuliza: mji upi umekauka, mji upi bado una maji, na yalikatika saa ngapi? Kwa kuyapanga majibu hayo anajua mfereji umepasuka sehemu gani, kabla hata hajaondoka alipo.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye mtaa ambao maji hutoka Jumanne na Ijumaa, hizi ni kurasa tamu. Hesabu hiyo tunaijua. Ukiamka ukakuta bomba linapiga mluzi, unamtuma mtoto kwa jirani wa chini akaulize kama kwao yanatoka, na jibu lake linakwambia kama tatizo ni mita yenu au ni mtaa mzima. Harris ameelewa kwamba raha yote ya miji ile, mabafu, chemchemi za njiani, bustani za matajiri, ilitegemea mteremko mdogo usioonekana kwa macho, kwa sababu mfereji wa Kirumi haukuwa na pampu. Maji yalishuka yenyewe. Ukikosea kipimo, hayafiki. Kuna na kejeli ya saruji: Warumi waliweza kujenga hata ndani ya maji kwa sababu walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyochimbwa Puteoli, palepale kwenye ghuba. Moto wa ardhini uliwapa saruji kabla ya kuwazika.

Kitabu nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba Mombasa, nikakimaliza kwa siku mbili. Kinasomeka upesi kwa sababu kimepangwa kwa saa. Kuna sehemu nne za siku nne, kuanzia tarehe 22 Agosti, na kila sura imebeba jina la saa ya Kirumi, saa yetu kando yake, na kipande kidogo kilichotolewa katika vitabu vya sayansi ya volkano. (Kuhusu Agosti simlaumu. Mwaka 2018 wanaakiolojia walikuta ukutani maandishi ya mkaa yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba, na tangu hapo wengi wanaamini mlipuko ulitokea vuli. Harris aliandika miaka kumi na mitano kabla.) Wazo la vile vipande vya sayansi ni zuri kwa sura mbili tatu. Unasoma jinsi gesi inavyojikusanya ndani ya mwamba ulioyeyuka, halafu unamwona mtu akinusa maji na kukunja uso. Lakini kufikia katikati ya kitabu niligundua kwamba nasubiri vile vipande kuliko ninavyowasubiri watu. Mlima umepewa tabia. Una historia, una subira, hasira zake zina sababu. Watu wana safari tu.

Msomaji wa riwaya kama hii anajua mwisho tangu alipoliona jina la kitabu. Hilo si kasoro, ni mtaji. Mwandishi anaweza kutuonyesha mtu akipatana na fundi bei ya kupaka ukuta, akilipa nusu, akiahidi nusu nyingine wiki ijayo, na sentensi hiyo ya kawaida ikatuuma kuliko jiwe lolote litakaloanguka. Magofu yenyewe yamejaa vitu vya namna hiyo: nyumba zilizokuwa zikikarabatiwa, marundo ya chokaa, kuta zilizoachwa nusu. Harris anaupuuza mtaji huo. Badala yake anatupa hongo, hati zilizofichwa, fundi wa zamani aliyetoweka na maiti yake kupatikana mlimani, na nyapara anayemvizia shujaa wetu gizani. Juu ya siku ya mwisho ya mji mzima amebandika hadithi ya upelelezi. Mlima unapolipuka inabidi hadithi hiyo itupwe upesi, maana nani atajali tena nani alimhonga nani? Nami nikabaki nikijiuliza kwa nini nilifuatishwa kurasa mia mbili za kitu ambacho mwandishi mwenyewe alijua atakiacha njiani.

Corelia, msichana anayependwa na Attilius, ana ujasiri na hasira, na ndiye anayeziiba zile hati kwa baba yake. Kwa muda unadhani atakuwa mtu. Kisha mawe yanaanza kuanguka naye anageuka kuwa mahali pa kufikia: yupo Pompeii, kwa hiyo Attilius lazima arudi Pompeii. Inatosha kwake.

Nije kwa mtu aliyenifanya niandike.

Jina lake ni Numerius Popidius Ampliatus, baba yake Corelia. Katika riwaya alikuwa mtumwa wa ukoo wa Popidius, akaachwa huru, kisha akatajirika baada ya tetemeko kubwa la mwaka 62. Wenye nacho walikimbia, yeye akabaki, akanunua magofu kwa bei ya kutupa, akayakarabati na kuyauza. Sasa bwana wake wa zamani anamdaiwa, tena atamwoa binti yake. Mtu huyu tunakutana naye mwanzoni kabisa, katika jumba la pwani huko Misenum. Samaki wake wa thamani wamekufa. Ni samaki ambao mvuvi wa kwetu angewatambua mara moja, maana ni ndugu wa mkundaji, wale wenye ndevu mbili kidevuni. Wamekufa kwa sababu ya salfa majini, lakini Ampliatus hajui. Anaamuru mtumwa aliyewatunza atupwe katika bwawa la mikunga, naye analiwa akiwa hai. Na hapo kazi ya mtumwa huyo katika riwaya imekwisha: ametuonyesha kwamba maji yana kasoro na kwamba Ampliatus ni shetani.

Kisa cha mikunga Harris hakukitunga. Seneca anamsimulia tajiri mmoja, Vedius Pollio, rafiki wa mfalme Augustus, aliyetaka kumtupa mtumwa kwa mikunga kwa kosa la kuvunja kikombe cha kioo. Mtumwa akaiangukia miguu ya Augustus, akiomba tu afe kifo kingine. Augustus akaamuru aachiliwe, vikombe vyote vivunjwe mbele ya Pollio, na bwawa lifukiwe. Pollio alikuwa tajiri wa daraja la juu. Lakini Cassius Dio, seneta aliyeandika zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake, aliona ni muhimu kutuarifu kwamba mtu huyo alikuwa wa asili ya watumwa walioachwa huru. Kama kwamba hilo ndilo lililoeleza ukatili wake.

Karamu ya Ampliatus nayo, yenye vyakula vya kutia kichefuchefu na wageni wanaocheka kimoyomoyo, ina baba yake: ni karamu ya Trimalchio katika Satyricon ya Petronius. Trimalchio ni mtumwa aliyeachwa huru, tajiri, mjinga, mwenye kelele, anayejaza meza ili watu wasahau alikotoka. Ni maandishi ya kuchekesha sana. Ni vizuri pia kukumbuka nani alikuwa akicheka. Petronius alikuwa mtu wa ikulu ya Nero, na watu kama yeye walikuwa wakiwaona watumwa wa jana wakinunua majumba ya leo. Kicheko chao ni kicheko cha wenye nyumba. Harris amekichukua kama kwamba ni ripoti. Hakuna mahali katika riwaya anapouliza kama waliokuwa wakichekwa walikuwa na upande wao wa habari.

Na upande wao upo. Umeandikwa kwenye jiwe.

Hekalu la Isis lilifukuliwa Pompeii mwaka 1764. Isis alikuwa mungu wa kike kutoka Misri, na ibada yake iliwapokea wanawake, watumwa na walioachwa huru. Maandishi yaliyochongwa hapo yanasema kwamba hekalu lilibomoka kwa tetemeko, likajengwa upya kutoka msingini na Numerius Popidius Celsinus kwa fedha yake, na kwamba kwa ukarimu huo madiwani wa mji walimwingiza katika baraza lao bila ada. Umri wa mfadhili huyo nao umechongwa. Alikuwa na miaka sita.

Mtoto wa miaka sita hajengi hekalu. Aliyelipa ni baba yake, na jina la baba limekutwa humohumo, kwenye sanamu ya Bacchus: Numerius Popidius Ampliatus, akijitambulisha kwa neno moja tu la ziada, baba. Sakafuni mwa ukumbi wa hekalu, kwa nakshi ya vijiwe, yalikuwepo majina matatu: Ampliatus, Celsinus, na Corelia Celsa, ambaye huchukuliwa kuwa mama. Harris, mtafiti mzuri, ameyabeba majina ya familia nzima kutoka sakafu ile na kuyagawa kwa wahusika wake.

Kwa nini baba hakuandika jina lake juu ya mlango? Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Ampliatus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mtumwa wa Kirumi alipoachwa huru alichukua majina mawili ya bwana wake, na lile la utumwani likabaki mwishoni kama mkia. Numerius Popidius ni jina la bwana; Ampliatus ni jina la mtumwa, maana yake aliyekuzwa au kuongezwa. Kila alipojitaja, alitaja asili yake. Na sheria ilimzuia mtu wa namna hiyo kuwa diwani hata awe na fedha kiasi gani. Lakini mwanawe, aliyezaliwa baba akiwa huru tayari, hakufungwa na sheria hiyo. Basi baba akajenga hekalu zima, akaliweka jina la mtoto juu ya mlango, akapita katika tundu pekee aliloachiwa.

Hebu fikiria riwaya iliyokuwa mikononi mwa Harris. Baraza la mji linakutana. Wamekaa watu wa koo kubwa, miongoni mwao akina Popidius wenyewe, wale waliokuwa wakiimiliki miili ya watu waliobeba jina lao. Anaingia mtoto wa miaka sita ambaye baba yake alikuwa akiwavua viatu. Anakaa, miguu haifiki chini. Popidius mmoja anasogea kumpa nafasi, au hasogei. Nyumbani baba anasubiri aelezwe, kwa sababu yeye haruhusiwi kuingia, na anayemweleza ni mtoto aliyekuwa akiangalia nzi dirishani muda wote. Sijui riwaya ngapi za kihistoria zimewahi kupewa zawadi kama hiyo, jina, tarehe na jeraha, zote kwenye jiwe moja. Mwandishi akaipokea zawadi, akaitoa majina, akatupa kilichobaki. Katika kitabu hekalu la Isis halina uzito wowote. Mikunga ndiyo yenye uzito.

Nakiri kwamba hasira yangu hapa si ya kifasihi peke yake. Mimi ni mtu wa Pwani. Lugha ninayoandikia inaiita tabia njema uungwana, na mwungwana, kabla ya kuwa mtu mstaarabu, alikuwa mtu asiye mtumwa. Watu wengi kwetu waliachwa huru wakiwa na jina la ukoo wa waliowamiliki, wakaoa, wakanunua minazi, wakawasomesha watoto Kurani, na vizazi vinne baadaye bado lipo jambo moja ambalo hawawezi kulinunua. Binamu yangu alipeleka posa kwa familia moja ambayo sitaitaja. Ilipokewa vizuri, chai ikanyweka, mahari ikaanza kuzungumzwa. Baada ya wiki mbili likaja neno kwamba wazee wameuliza na hawakuelezwa vizuri kuhusu mlango wetu. Hawakusema zaidi, na hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Bibi alipoambiwa alivuta kanga yake kichwani akaendelea kuchambua mchele. Binamu yangu ni mhandisi. Ana nyumba Nyali. Siku ile nyumba ya Nyali ilikuwa sawa na karamu ya Trimalchio: kadiri ilivyokuwa kubwa ndivyo ilivyozidi kuwa ushahidi dhidi yake.

Simtaki Ampliatus awe mtakatifu. Mtu aliyekuwa mtumwa anaweza kuwa bwana mkatili; Roma ilijaa watumwa wa zamani waliomiliki watumwa, na Pwani pia hilo lilitokea. Ukatili wa mtu kama huyo ungekuwa mada nzito kuliko zote: anamwonaje kijana anayemvua viatu yeye sasa? Anajiona, au anakataa kujiona? Harris anagusa swali hili kwa ncha ya kidole na kuliacha, maana anahitaji Ampliatus achukiwe ili tufurahi akifa. Riwaya inayotaka tufurahie kifo cha mtu mmoja kati ya maelfu waliokufa siku hiyo imefanya jambo la ajabu kwa wale maelfu.

Mtu anaweza kusema: ni riwaya ya kusisimua, unataka nini zaidi? Nataka iwe na udadisi kwa watu kama iliyo nao kwa mabomba. Udongo wenyewe unao. Mwaka 2021, katika shamba la tajiri mmoja huko Civita Giuliana, nje kidogo ya Pompeii, wanaakiolojia walifukua chumba cha mita za mraba 16 walimokuwa wakilala watumwa. Vitanda vitatu vya mbao na kamba, kimoja kifupi mno, labda cha mtoto. Mitungi imepangwa kona, vyombo vya kukojolea chini ya vitanda, na zana za gari la farasi zimehifadhiwa humohumo, kwa sababu chumba cha watu kilikuwa pia stoo. Kidirisha kimoja juu. Nilipoziona picha nilisimama kwenye kile kitanda kifupi muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye sura yoyote ya Harris isiyo ya maji.

Ili nimtendee haki, ugonjwa huu haukuanza naye. Edward Bulwer-Lytton aliandika The Last Days of Pompeii mwaka 1834, kitabu kizito, chenye sentensi zinazotembea kwa mkongojo. Lakini ndani yake yumo Nydia, msichana mtumwa, kipofu, muuza maua. Majivu yanapolifunika jua na wenye macho wote kupotea, yeye peke yake anajua njia, kwa kuwa giza ni nyumbani kwake, naye anawaongoza wapenzi wawili hadi baharini. Ni wazo zuri kuliko lolote lililomo katika riwaya hizi mbili. Baadaye, kwa kuwa anampenda kijana asiyeweza kumpata, Bulwer-Lytton anamfanya ajitupe baharini wengine wakiwa wamelala. Alikwisha kutumika. Kati ya 1834 na 2003 dunia ilibadilika sana, ila mtumwa katika riwaya ya Pompeii bado yupo ili kumwonyesha njia mtu huru, kisha aende zake majini.

Kuna sehemu moja ambapo Harris alikaribia kitu cha kweli. Mawe yanaanguka, yale mepesi yenye matundu, kama ya kusugulia visigino. Yaliendelea kuanguka kwa saa nyingi, mpaka mapaa yakaanza kuporomoka kwa uzito. Muda wa kukimbia ulikuwepo, na wengi walikimbia. Ampliatus anakataa kuondoka na anaizuia familia na watumwa wake wasiondoke, kwa sababu mara ya kwanza, lilipopiga tetemeko, waliobaki ndio waliotajirika. Hapa nilikaa vizuri kwenye kiti. Mtu anayeongozwa na somo alilojifunza kutoka janga lililopita ni mtu halisi kabisa. Waulize watu wa Goma. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wao, na wengi waliokimbilia Gisenyi ng'ambo ya mpaka walirudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto, kwa kuwa huko walikokimbilia hawakuwa na kitu na huku walikuwa na angalau kiwanja. Anayewaita wajinga hajawahi kuhesabu alichonacho akakuta kinaenea kwenye mkokoteni mmoja. Lakini kwa Harris kubaki kwa Ampliatus ni kiburi tu cha mwovu, na wanaozuiwa pamoja naye, wasio na haki ya kuamua hata kuhusu miguu yao, wamesimama nyuma kama mapambo. Kwa mtumwa swali la "kwa nini hawakuondoka?" lina jibu la neno moja, na jibu hilo halimo kitabuni.

Plinio Mdogo, ambaye alikuwa na miaka 17 na aliutazama mlipuko kutoka Misenum, aliandika barua mbili kwa Tacitus miaka ipatayo 25 baadaye. Mjomba wake, amiri wa jeshi la majini, ndiye anayepewa nafasi kubwa na Harris, na ni mhusika mzuri: mzee mnene, mwenye pumzi fupi, anayeendelea kuandika vipimo meli ikipigwa na mawe. Ila katika barua ya pili kuna kitu ambacho riwaya haikukichukua. Plinio anaeleza gizani, watu wakiitana: wengine wazazi, wengine watoto, wengine wake au waume, wakijaribu kuwatambua kwa sauti. Hakuna hata mmoja anayetajwa jina. Ni umati, na bado kila sauti ndani yake ina mtu inayemtafuta. Harris anatupa sauti moja tu, ya mwanamume anayemtafuta mwanamke mmoja, na umati unageuka kuwa kizuizi barabarani.

Wanaokutana hatimaye ni hao wawili. Wimbi la gesi ya moto na majivu linaposhuka wanaingia katika mfereji, na ukurasa wa mwisho unadokeza masimulizi ya mwanamume na mwanamke walioonekana wakitoka ardhini. Mfereji ule niliokuwa nimeupenda tangu mwanzo umegeuzwa mlango wa dharura. Nilifunga kitabu nikiwa na hisia kama ya mtu aliyealikwa kwa pilau akapewa soda.

Harris ana mzaha mmoja kuhusu Ampliatus. Mwanamke mtabiri anamwambia kwamba Pompeii itadumu kuliko wafalme wa Roma, na kwamba watu kutoka kila pembe ya dunia watakuja kutembea humo. Ampliatus anafurahi, akidhani ni habari za biashara. Sisi tunacheka kwa sababu tunajua. Lakini jiwe lipo makumbushoni Napoli, lenye jina zima la mwanawe, umri wake na cheo chake, na wageni wa kila lugha husimama mbele yake kulisoma. Hizo ndizo habari alizokuwa amezilipia.